Kibao Hakijapitwa na Wakati

Muungwana aliyedai gazetini kwamba alama za barabarani hazina haja tena, maadamu kila dereva wa lori ana ramani katika simu yake, amesahau kuwa ramani hiyo aghalabu hupima njia kwa kipimo cha gari dogo. Hapa Port Reitz, ambapo barabara moja huwachukua wasafiri wa uwanja wa ndege, wagonjwa wa hospitali na makontena ya bandarini Kipevu, simu ikiona msongamano humsukuma dereva mgeni katika vichochoro vya Chaani. Naye, ilhali kibao cha kuzuia malori ki mbele ya macho yake, huingia na trela la futi 40, akakwama penye kona baina ya ukuta na nguzo ya umeme, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Na njia ya kuepuka msongamano huo ipo: barabara ya Miritini hadi Kipevu i wazi tangu 2018! Sheria ya Afrika Mashariki huruhusu lori la ekseli 7 kufikia tani 56: uzito huo, juu ya njia wapitayo watoto wa shule, hauwezi kuamuriwa na sauti ya simu isiyowaona. Wenye malori na wawatahini madereva wao kwa vibao kabla ya kuwakabidhi funguo.