Kulipia tena kilicho chako

Mwaka 1191, karibu na kisiwa cha Cyprus, chombo kilivunjika na Roger Malchael akafa maji. Ndiye aliyekuwa akitunza muhuri wa Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza. Maiti yake ilipopatikana, muhuri ulikuwa ungali shingoni.

Baada ya miaka 7, mkasa huo uligeuzwa kuwa hoja ya kukusanya fedha. Richard alikuwa amebanwa: alikamatwa akirudi kutoka Vita vya Msalaba, akadaiwa fidia ya marki 150,000 za fedha, na alipoachiwa akaingia vitani na mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1198 akatoa muhuri mpya na kutangaza kwamba hati zilizopigwa ule wa zamani hazitatambuliwa mpaka zihuishwe. Sababu iliandikwa ndani ya hati mpya zenyewe: muhuri wa kwanza uliwahi kupotea, tena alipokuwa mfungwa Ujerumani haukuwa mikononi mwake.

Basi watawa, makabaila na wenyeji wa miji wakarudi na hati za ardhi na za haki walizokwisha kupewa. Karani alinakili maneno yale yale, akaongeza maelezo kuhusu muhuri, akaning'iniza nta mpya. Ada ikalipwa. Shamba halikuongezeka hata hatua moja. Kilichobadilika ni picha: kwenye ngao ya mfalme sasa walikuwapo simba watatu, hao hao wanaoonekana leo kwenye jezi ya timu ya taifa ya England.

Huo ulikuwa unyang'anyi uliovishwa joho la utaratibu. Hata John, mdogo wake Richard, aliporithi kiti mwaka 1199 alishusha ada za muhuri.

Kuhuisha hati kwenyewe si kosa. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilikata hadi miaka 99 mikataba ya ardhi ya miaka 999 iliyokuwa mikononi mwa wasio raia, muda mrefu ulioruhusiwa na sheria ya kikoloni ya 1915. Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo humpa raia ambaye muda wa mkataba wake umekwisha nafasi ya kwanza ya kupewa tena ardhi hiyo, mradi ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma.

Hapo ndipo pa kuulizana maswali mazito. Anayefika dirishani na hati iliyofifia aulizwe ameitumiaje ardhi, nani anaishi juu yake, na nani aliondolewa ili yeye aipate. Ada iwe ya karatasi na kazi ya karani, basi.