Kitanda cha Japani na hesabu ya mfanyabiashara mdogo

SI jambo geni tena kusikia mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala amefunga safari kwenda Japani kuangalia kwa macho yake magari yaliyotumika, vipuri au trekta dogo la mtumba. Kabla ya kuondoka huwa amepiga hesabu ya tiketi, viza, bei ya mzigo, meli na ushuru. Jambo moja mara nyingi hupangwa kwa kubahatisha, nalo ni mahali atakapolala. Kila usiku una bei yake, na bei hiyo inatoka kwenye mtaji ambao pengine ni wa mkopo.

Wajapani walishalijibu swali hilo zamani kwa ajili ya wafanyabiashara wao wenyewe. Jibu lao ni hoteli wanayoiita bijinesu hoteru, yaani hoteli ya mtu aliye safarini kikazi. Hoteli hizi zilienea katika miaka ambayo uchumi wao ulikuwa ukikua kwa kasi, reli zikiunganisha miji na makampuni yakituma watu mikoani kutafuta soko. Mgeni wa namna hiyo hufika jioni, hulala, na asubuhi huondoka. Hana haja na bwawa la kuogelea wala ukumbi mkubwa. Anachotaka ni kitanda safi, maji ya moto, usalama na stesheni iliyo karibu. Hoteli ikamuuzia hivyo tu.

Ingefaa wasomaji wetu wazielewe hoteli hizi vizuri, kwa sababu mbili. Kwanza, anayesafiri ataokoa fedha. Pili, ndani yake kuna somo la biashara linalomhusu hata asiyetarajia kupanda ndege.

Chumba cha mtu mmoja kwa kawaida kina meta za mraba 10 hadi 15. Ukifungua sanduku sakafuni, pa kukanyaga panakuwa pa kutafuta. Hata hivyo, ndani ya nafasi hiyo kuna kitanda, meza nyembamba, televisheni, jokofu dogo, birika la umeme, kiyoyozi, taulo, kandambili na mara nyingi nguo ya kulalia. Choo na bafu vimo humo humo, vimebanwa katika kijumba kimoja cha plastiki ngumu.

Kijumba hicho kina historia yake. Wakati Tokyo ikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964, Hoteli ya New Otani ilitakiwa kukamilika haraka ikiwa na vyumba zaidi ya 1,000. Kampuni ya Toto ikatengeneza mabafu kiwandani, yakaletwa na kufungwa mahali pake badala ya fundi kujenga kila bafu kwa vigae. Muda wa ujenzi ukapungua. Teknolojia hiyo ikaja kuwafaa sana wenye hoteli ndogo, kwani bafu lisilo na viungo vingi halivuji ovyo na husafishwa kwa muda mfupi.

Mwenendo ni huo huo katika mambo mengine. Badala ya mhudumu wa kufua nguo za wageni kuna mashine za kufulia ambazo mgeni huziendesha kwa sarafu. Badala ya baa chumbani kuna mashine ya kuuza vinywaji kwenye korido. Tangu sheria ya kupunguza plastiki ilipoanza kutumika Aprili 2022, hoteli nyingi huweka miswaki, vitana na nyembe karibu na mapokezi, na mgeni huchukua anachohitaji tu. Toyoko Inn, iliyofungua hoteli yake ya kwanza mwaka 1986 eneo la Kamata mjini Tokyo, hutoa kifungua kinywa bila malipo ya ziada, na mameneja wake wengi ni wanawake.

Ukiangalia kwa jicho la uchumi, utaona kwamba kilichopunguzwa ni gharama ambazo mgeni hazimsaidii. Usafi, maji ya moto na ukweli wa bei havikuguswa. Hii ni tofauti kubwa na tabia ya kushusha bei kwa kupunguza ubora, ambayo huishia kumfukuza mteja.

Sasa kwa msafiri. Tuchukulie chumba cha hoteli ya aina hii ni yen 9,000 kwa usiku na cha hoteli kubwa ni yen 25,000. Kwa siku saba, wa kwanza atalipa yen 63,000 na wa pili yen 175,000. Tofauti ni yen 112,000, fedha ambazo zingeweza kununua vipuri.

Hata hivyo, bei hizi hazikai mahali pamoja. Hupanda na kushuka kama nyanya sokoni. Usiku wa Jumamosi huwa ghali kuliko wa Jumapili, na sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti na mwaka mpya ni nyakati za kuepuka. Aidha, mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36 kutoka nje, na bei katika miji kama Tokyo, Osaka na Kyoto zimepanda sana kuliko zilivyokuwa kabla ya ugonjwa wa korona. Anayetegemea simulizi za waliokwenda miaka hiyo atajikuta amepungukiwa.

Yapo mengine ya kuzingatia. Bei mara nyingi hutegemea idadi ya watu, hivyo wawili wasidhani watalipia mmoja kisha walale mzungu wa nne. Chumba hutolewa kuanzia saa tisa au saa kumi alasiri na hurudishwa kama saa nne asubuhi. Anayefika mapema huweza kuacha mzigo mapokezi. Mgeni asiye na makazi nchini humo hutakiwa kuonyesha pasipoti. Bakshishi haitolewi. Umeme ni volti 100 na plagi ni ya pini mbili bapa, kwa hiyo chaja ya pini tatu inahitaji adapta. Asiyevuta sigara aombe chumba kisicho cha wavutaji.

Muhimu zaidi ni mahali hoteli ilipo. Chumba cha mbali kinaweza kuwa nafuu kwa yen 2,000, lakini nauli ya treni kwenda na kurudi ikala unafuu huo, na saa mbili za kazi zikapotea njiani. Anayekwenda kuangalia mzigo Yokohama, Nagoya au Kobe atafute kwanza stesheni itakayomfikisha kazini, kisha atafute kitanda karibu nayo.

Hatusemi kwamba hoteli hizi zinamfaa kila mtu. Mwenye familia atabanwa, na mtu mrefu ataoga kwa shida. Lakini aliyesafiri kutafuta riziki hakwenda kustarehe.

Kwa wanaobaki nyumbani, wenye gesti, migahawa, maduka ya pembejeo na hata wanaouza mazao, rai yetu ni kwamba kila mmoja aorodheshe anachomuuzia mteja, kisha ajiulize ni kipi mteja amekuja kukifuata. Hicho kisiguswe hata mwaka uwe mbaya kiasi gani. Mteja anayekuta shuka safi, mizani ya kweli na bei iliyoandikwa hurudi, na atawaambia wenzake. Mengine yote yanaweza kupunguzwa, na unafuu wake ugawanywe kati ya muuzaji na mnunuzi.