Laptopu: Kasi Kwanza, Nafasi Baadaye

Ukiingia duka lolote pale Luthuli Avenue na laptopu yako ya mitumba, utaulizwa: "Unataka GB ngapi?" Hilo liwe swali la pili, boss. Anza na kasi.

Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaosaka faili huku na kule. SSD haina kinachozunguka. Hata ile ya kawaida ya SATA husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde. Ya zamani hupata kama 100 ikijitahidi. Sasa uko Kangemi, kazi ya mtandaoni inatakiwa saa nne, na mashine bado inawaka. Terabaiti moja itakusaidia na nini?

Kama pesa inatosha moja tu, chukua SSD ya GB 256. Diski ya zamani usimwachie fundi: itie kwenye kasha la USB, iweke filamu na picha zako. Ila ukiwa mtu wa kupiga video za harusi, hesabu ni nyingine, 256 zitajaa chapchap.

Na terabaiti mbili kwa bei ya chipsi kuku? Hiyo ni feki, songa mbele.