Mashine na Mpagazi

Filamu ya BlackBerry, iliyotoka mwaka 2023, yaonyesha jinsi kampuni ya simu ya Kanada ilivyopanda, kisha ikaanguka baada ya iPhone kutokea mwaka 2007. Filamu yawafuata wakuu wake. Je, wafanyakazi wake waliishia wapi?

Watu wa Itetemia waijua habari hii. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe mabegani hadi pwani. Mwaka 1912 reli ya Wajerumani ikafika Tabora, na kazi ile ikafifia. Reli haikuwa adui. Kosa ni kwamba mpagazi hakuulizwa neno.

Basi, ndugu, tusimlilie tajiri aliyeanguka peke yake. Mashine mpya ijapo, tuulize mapema: ni mali ya nani, na nani atafundishwa kuiendesha?