Kelele Si Sauti

Tumeanza kuamini kwamba kitu kikisikika kwa nguvu ndiyo kimesikika vizuri. Harusini spika hufunguliwa mpaka vikombe vinatetemeka mezani. Mnadani muuza nguo hupiga makelele kwenye kipaza sauti kilichokwisha kuharibika, na hakuna anayeielewa bei anayoitaja. Hayo ningeyaacha yapite, kwa kuwa harusi huisha na mnada hufungwa. Lakini ugonjwa huo huo umehamia kwenye kompyuta zinazonasa sauti za wazee wetu, na huko haupiti. Huko hubaki.

Hapa Nyamwaga, na katika vijiji vingi vya Tarime na Serengeti, zimo masandukuni kaseti za miaka ya sabini, themanini na tisini. Katika moja mzee anapiga litungu lake la nyuzi nane. Katika nyingine bibi anasimulia ukoo ulikotoka. Redio kaseti zimekufa moja baada ya nyingine, na wenye kaseti huzipeleka madukani zihamishiwe kwenye kompyuta. Nia ni njema. Lakini mara nyingi mtu hurudi nyumbani na flashi ambayo ndani yake litungu linalia kama bati linaloburutwa juu ya changarawe. Akiuliza, kijana wa dukani humjibu, "Mzee, kaseti imechakaa." Au, "Kompyuta hizi za siku hizi, mzee, hazina ubora."

Nasema bila kumung'unya maneno: mara nyingi si kweli. Kaseti ile ile, ikipigwa kwenye redio nzima, hutoa sauti safi. Kilichoharibu ni mkono uliosukuma sauti juu kupita kiasi.

Hebu tuelewe jambo lenyewe. Kompyuta haitunzi sauti kama utepe unavyoitunza. Huipima sauti mara nyingi sana kila sekunde, mara 44,100 kwa kipimo cha santuri za CD zilizoingia sokoni mwaka 1982, na kila kipimo hukiandika kwa namba. Namba hizo zina mwisho. Kwa kipimo cha biti 16 zipo 65,536 tu. Wimbi la sauti likizidi hapo, kompyuta haina namba ya kuliandikia. Hulikata kichwa na kuliacha bapa. Huo ubapa ndio sikio linausikia kama mkwaruzo. Nyuzi nene za litungu, zenye besi, ndizo zenye nguvu nyingi, kwa hiyo ndizo hugonga kikomo kwanza.

Utepe una tabia nyingine. Ukizidishiwa sauti, huanza kuharibika taratibu. Ukirekodi chini mno, mvumo wake wenyewe huimeza sauti. Ndiyo maana mafundi wa zamani walifundishwa kupandisha sauti mpaka mshale uguse wekundu. Walikuwa sahihi kwa chombo chao. Anayeshika desturi hiyo mbele ya kompyuta ni sawa na anayeendesha baiskeli kwa kafi. Kompyuta haivumilii: kikomo chake huitwa sifuri desibeli, na baada ya sifuri ni ukuta.

Wapo wanaojibu kwamba yote yatarekebishwa baadaye. Yatarekebishwa kwa nini? Kilichokatwa hakimo tena ndani ya faili. Ukiteremsha sauti baadaye, utapata mkwaruzo mdogo badala ya mkwaruzo mkubwa. Zipo programu za kuziba vilele vilivyokatwa, nazo husaidia pale palipokatwa kidogo, lakini zinachofanya ni kukisia. Mimi sitaki mashine inikisie mzee wangu alivyoimba. Sauti ndogo iliyo safi inaweza kukuzwa kesho. Sauti kubwa iliyokatwa hairudi.

Wengine husema malipo ya kaseti moja ni madogo, hawana muda wa kuchunguza. Uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache, nami nitautaja wote hapa ili asiwepo wa kujitetea.

Kwanza, sikiliza kaseti peke yake kwa hedifoni kabla ya kugusa kompyuta. Kama inakwaruza huko huko, safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, kisha sikiliza tena.

Pili, tazama tundu unalochomeka waya. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kupokea umeme mdogo sana, ambao kompyuta huukuza. Umeme wa sauti utokao redioni ni mkubwa mara nyingi zaidi. Ukiuingiza humo unaweza kuharibika kabla haujafika mahali pa kupunguzia, na hapo kupunguza kwenye kompyuta hakusaidii kitu. Tumia tundu la laini, au kifaa kidogo cha nje cha USB chenye tundu hilo. Kama huna, teremsha sauti kwenye redio yenyewe.

Tatu, tafuta sehemu ya kaseti yenye sauti kubwa kuliko zote, uipige, na ushushe kiwango mpaka vilele vikae yapata desibeli 12 chini ya sifuri. Hiyo ni kama robo ya urefu ambao kompyuta inaweza kuuandika. Usiogope kuona mawimbi mafupi.

Nne, zima mapambo ambayo kompyuta hujiongezea yenyewe: kukuza maikrofoni, kupunguza kelele, kunenepesha besi. Mashine inayodhani litungu ni kelele italifuta.

Tano, kama sauti unayoitaka inatoka ndani ya kompyuta yenyewe, usiweke simu mbele ya spika. Inase humo humo kwa programu, na hakikisha vipimo vinalingana. Upande mmoja ukiwa 44,100 na mwingine 48,000, sauti inaweza kukatikakatika au kubadilika kimo.

Sita, ukisikia mibofyo inayokuja bila mpango hata pale sauti ni ndogo, hapo hakuna kilichokatwa kichwa. Kompyuta imezidiwa na kazi. Funga programu nyingine zote, na uongeze bafa, yaani ile akiba ndogo ya sauti inayoipa mashine nafasi ya kupumua.

Saba, mvumo mzito usiokoma mara nyingi ni umeme wa ukutani, ambao hapa kwetu huenda kwa hezi 50. Chomoa chaja ya kompyuta mpakato, uirekodi kwa betri. Ukinyamaza, umempata mwizi.

Mwisho, hifadhi nakala ya kwanza kwa WAV. MP3 na ujumbe wa simu hupunguza sauti ili faili liwe dogo. Hizo ni nakala za kugawa, si za kutunza.

Ndugu msomaji, labda utasema nakuza jambo dogo. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995 kule Mbeya inazunguka katika simu nyingi, na nakala nyingine nilizozisikia zimekwaruzwa vibaya. Hilo linaniudhi, lakini halinitishi, kwa sababu nakala safi zipo na hotuba itaishi. Mzee wa litungu wa kijijini kwetu hana nakala ya pili. Ana kaseti moja, ambayo sumaku ya utepe wake inazeeka, na ambayo huenda ikachezwa vizuri mara moja tu zaidi. Mara hiyo moja ikiangukia mikononi mwa mtu anayependa taa nyekundu, wajukuu watarithi mkwaruzo na kuamini kwamba ndivyo babu yao alivyopiga.

Basi nawaomba wenye kaseti msilipe kabla ya kusikiliza faili kwa hedifoni, na msiitupe kaseti hata mkipewa faili safi. Nanyi vijana wa madukani, mnaposhika kiwango cha kurekodi, kishusheni. Anayetaka sauti kubwa ataongeza mwenyewe nyumbani kwake.