Mashine zafia stoo, mafundi tuko kijiweni!

Ndugu msomaji, mwaka jana nilikesha na dada yangu katika hospitali moja ambayo leo sitaitaja. Kichanga chake kilikuwa kinahema kwa shida. Mashine ya oksijeni ilikuwepo, tena ya kisasa, lakini ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka na kubandikwa karatasi: MBOVU. Nikamuuliza nesi imekufa nini. Akasema wanasubiri fundi kutoka juu. Tangu lini? Hakujibu. Mtoto akakimbizwa Mbeya usiku ule, zaidi ya kilomita 100 za kona na milima ya Tukuyu. Mungu mkubwa, yu hai.

Sasa hebu tujiulize. Hapa Mbugani kuna vijana wanafungua simu ya mkononi kwa bisibisi ya ukubwa wa sindano, wanabadilisha chipu, wanafunga, simu inaita. Iweje wilaya yenye vijana hawa isubiri mtu wa kuja kufungua filta iliyoziba vumbi?

Vigogo wakihutubia juu ya teknolojia mpya ya tiba hututajia mashine za mabilioni. Siku ya kukata utepe wapiga picha wanajaa. Siku mashine inapokufa hakuna hata mmoja! Na zinakufa kweli. Mwaka 2011 watafiti wawili, Perry na Malkin, walikusanya takwimu za vifaa vya hospitali katika nchi zinazoendelea wakakuta asilimia 38 hivi havifanyi kazi. Walitaja upungufu wa mafunzo, usimamizi na miundombinu. Kwa lugha ya kijiweni: mashine imenunuliwa, mtu wa kuitunza hakununuliwa.

Chukua hiyo ya oksijeni. Inavuta hewa ya kawaida ya chumbani, inaipitisha kwenye chembechembe za madini yaitwayo zeolaiti, zinakamata naitrojeni, mgonjwa anabakiwa na oksijeni. Adui mkubwa wa zeolaiti ni unyevu. Na Kyela, wenyeji mnajua, mvua yetu haina adabu. Mashine iliyobuniwa kwa chumba kikavu chenye kiyoyozi inaletwa hapa kando ya Ziwa Nyasa bila spea, bila mtu aliyefundishwa, halafu tunashangaa!

Msidhani nasema kila fundi simu aachiwe mashine ya wodini. Hapana. Shirika la Afya Duniani linataka hewa inayotoka iwe na oksijeni isiyopungua asilimia 82, na hilo hulijui kwa kunusa, lazima upime kwa kifaa chake. Fundi wa kubahatisha ataua. Ndiyo maana nadai shule.

Waliotuonyesha njia hawako mbali. Vuka Mto Songwe pale Kasumulu uko Malawi, kwa ndugu zetu Wangonde. Huko Blantyre, katika Hospitali ya Queen Elizabeth, madaktari na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani walijaribu mashine ya kuwasaidia vichanga kupumua. Za viwandani ziliuzwa kiasi cha dola 6,000. Hawa walianza na pampu za kawaida za matangi ya samaki wa mapambo, zile za kutoa mapovu! Vifaa vya ile ya mwanzo havikufika dola 400. Wakaiita Pumani, neno la Kichewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa katika vichanga waliowekewa mashine hiyo asilimia 71 walipona, na waliopewa oksijeni peke yake walikuwa asilimia 44.

Kutoka kazi za namna hiyo ulizaliwa mpango wa NEST360, ulioanza mwaka 2019 katika nchi nne, Tanzania ikiwemo. Humo mashine huja pamoja na mafunzo ya mafundi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam imo. Kumbe inawezekana!

Na hapa kuna pesa, washikaji. Kule Kilifi, Kenya, kampuni ya Revital inatengeneza sindano zinazojifunga baada ya kutumika mara moja. Hapa kwetu Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha glovu Idofi, Makambako, njia hii hii tunayopita kwenda Dar. Kiwanda ni cha wenye mtaji, sawa. Lakini kutengeneza mizani ya watoto, mashine za presha, mashine za kuchemshia vifaa vya upasuaji na hizo za oksijeni ni kazi ya karakana yenye watu watano, na hospitali, vituo vya afya na zahanati za wilaya hii hazitaacha kuihitaji hata siku moja.

Mtaji? Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya vijana. Mapato hayo yamo ushuru wa kakao na mchele wa jasho la wazazi wetu. Lakini kijana akitajwa, fikra za wakubwa zinaishia kwenye bodaboda. Bodaboda ngapi tena? Abiria ni wale wale!

Hata sisi wa upinzani nitusute kidogo. Jukwaani tunapiga kelele dawa hakuna, dawa hakuna. Sijasikia mgombea wetu hata mmoja akiuliza habari za spea.

Basi madiwani wakikaa kikao cha bajeti, wa chama tawala na wa kwetu, walipeleke hili mezani. Kikundi cha vijana wa Kyela kisomeshwe ufundi wa vifaa tiba, Dar es Salaam au Arusha, kwa fungu hilo la asilimia 4, na kikirudi kipewe mkataba wa matengenezo wa wilaya nzima. Tenda yoyote ya mashine isiyotaja spea na mafunzo irudishwe. Na orodha ya mashine zote zilizolala stoo ibandikwe ukutani pale halmashauri: jina la mashine, siku iliyonunuliwa, siku iliyokufa. Nitakwenda kuisoma, na kalamu nitakuwa nayo.