Tuandike Habari za Mwalimu Wetu



Mwaka jana tulimzika mwalimu mmoja mstaafu katika kijiji chetu, wilayani Masasi. Watu walijaa. Wengine walitembea kwa miguu tangu alfajiri. Hakuna aliyelazimishwa kwenda. Kila mmoja alikuwa na deni la shukrani kwake.

Kabla ya maziko, mtu mmoja alisimama akasoma habari za marehemu. Alisoma mwaka aliozaliwa, mwaka alioanza kazi, mwaka aliostaafu na idadi ya watoto aliowaacha. Kisha akakunja karatasi. Habari zote hazikujaza ukurasa mmoja.

Bibi yangu alikuwa amekaa karibu nami. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na sisi wa chini ya mwembe, mbona hatumo?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Watu wa chini ya mwembe ni akina nani? Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 wilaya 6 zilichaguliwa zitangulie kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Wilaya hizo zilikuwa Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Tanga na Masasi. Wakati huo mwalimu wetu alikuwa kijana. Asubuhi alifundisha watoto. Alasiri aliwafundisha wazazi wa watoto hao chini ya mwembe. Hapakuwa na madawati. Watu walikaa juu ya magogo. Ubao uliegemezwa kwenye shina la mti.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Kabla ya kisomo, alipouza korosho alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Alipokea fedha alizopewa, akaenda zake. Baadaye alijua tarakimu. Siku moja aliona mzani unaonyesha kilo 62, lakini karani ameandika 52. Bibi akasema, "Ndugu karani, andika upya." Karani akaandika upya. Siku hiyo bibi alipata haki yake ya kilo 10. Je, habari hii si sehemu ya maisha ya mwalimu?

Mwaka 1973 redio ilitoa masomo ya "Mtu ni Afya". Mwalimu alikusanya kikundi cha kusikiliza. Somo la choo lilipokwisha, alichukua jembe akachimba choo nyumbani kwake kwanza. Ndipo akawaambia wengine wachimbe. Wazee wanayakumbuka mambo hayo. Lakini hayajaandikwa mahali popote.

Sasa watu wanachanga fedha ili kaburi la mwalimu lijengwe kwa saruji na marumaru. Sipingi. Ni vizuri kaburi litunzwe. Lakini kaburi litatuambia jina na tarehe tu, kama ile karatasi. Maoni yangu ni haya: kabla ya kununua saruji, tununue daftari moja.

Kila aliyefundishwa naye aandike jambo moja analolikumbuka. Asiandike sifa tupu. Kusema "alikuwa mtu mwema" hakutoshi. Alifanya nini? Lini? Wapi? Nani alimwona?

Tuandike na makosa yake. Mimi alinifundisha darasa la kwanza. Alikuwa mkali, na fimbo yake niliiogopa. Siku moja alinichapa kwa kosa lisilo langu. Kesho yake alisimama mbele ya darasa zima akaniomba radhi. Nilikuwa mtoto mdogo, yeye mtu mzima. Nikificha kosa lake, nitakuwa nimeificha na radhi yake.

Labda utasema, "Mwandiko wangu ni mbaya." Bibi yangu pia alisema hivyo. Lakini yeye ndiye aliyeandika wa kwanza katika daftari letu. Aliandika mistari minne juu ya kilo zake 10. Herufi zake zimepinda, lakini zinasomeka.

Wazee wa chini ya mwembe wamebaki 7 tu kijijini kwetu. Mmoja akifa, habari zake huenda naye. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kungoja mavuno yapite.

Na wewe je? Kijijini kwako yuko mwalimu mstaafu? Kama yu hai, usingoje maziko. Nenda kwake na kalamu. Mwulize, andika, kisha msomee ulichoandika. Yeye au mwenzake ndiye aliyekushikisha kalamu hiyo. Mwache aone umeitumia.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini bibi hakuridhika na habari zilizosomwa mazikoni?
2. Je, ni haki kuandika makosa ya mtu aliyekufa? Toa sababu zako.
3. Andika mistari minne juu ya mtu aliyekufundisha jambo lenye manufaa.